Mhandisi amesaini kwamba jengo la kuokoa umeme limefuata michoro, darini hajawahi kupanda. Hapa Moshi tunaiva!

Wakuu, nimevumilia tangu Januari, leo natema.

Tumepanga ghorofa ya tatu kwenye jengo jipya hapa Moshi mjini. Kodi imezidi ya majirani wote kwa sababu moja tu: tuliambiwa ni jengo la kijani, umeme mtalipa kidogo. Cheti cha EDGE, kile cha majengo yanayookoa nishati na maji, kimetundikwa mapokezi kwenye fremu ya dhahabu. Sasa wenyeji mnaijua Februari ya Moshi. Saa tisa alasiri jua la magharibi linafika mpaka chini ya meza, AC nne zinanguruma na mhasibu wetu bado anajipepea na faili. Tokeni ya elfu kumi ni yuniti 28. Tunaingiza asubuhi, jioni mita ya LUKU inapiga kelele.

Fundi mmoja wa aluminiamu akaja kunifungua macho. Aliwasha kiberiti karibu na dirisha akaniambia hesabu ndimi za moto zinazoonekana kwenye kioo. Kioo cha tabaka mbili kinarudisha nne. Nikahesabu mbili, yaani kioo ni cha tabaka moja. Tukapanda darini: juu ya jipsamu ni bati tupu linalochoma, chupa ya maji na mfuko wa saruji. Kizuia joto kilichoandikwa kwenye michoro hakipo hata kipande!

Nikampigia mhandisi aliyesaini barua ya kukamilika kazi, ile inayosema ujenzi umefuata michoro. Jibu lake: "Mzee, mimi nilipewa picha na mkandarasi." Picha! Mkandarasi naye anasema vioo vya tabaka mbili havikupatikana, mwenye jengo akakubali vilivyopo. Mchora ramani anasema yeye kazi yake iliishia kwenye karatasi. (Huyu angalau simlaumu sana, michoro yake ilikuwa safi.)

Halafu nikakisoma kile cheti kwa utulivu. Ni cha awali! EDGE inataka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji, na vifaa vya ujenzi navyo vina sharti lake la asilimia 20. Cha awali kinatolewa kwa kuangalia usanifu. Cha mwisho kinakuja baada ya mkaguzi kulikagua jengo lililokwisha. Hicho cha mwisho hakuna aliyekiomba, kwa hiyo kilichobaki kutulinda sisi wapangaji ni saini ya huyu mhandisi na muhuri wake.

Na msiniambie "kila mtu anafanya hivyo". Daktari akisaini kipimo ambacho hakupima, mtasema hivyohivyo?

Nauliza waliowahi kupeleka malalamiko Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB: nianze na barua ya kawaida au nitafute wakili kwanza? Picha za darini ninazo, na nakala ya barua yake yenye muhuri ninayo. Mwenye jengo anakuja Jumatatu kudai kodi ya miezi sita mbele.