Nimeuziwa GT3 ya 2010 kwa maneno kwamba "halijawahi kuingia uwanjani", na kompyuta ya injini inasema vingine

Ndugu wanajukwaa, leo ni siku ya 41 tangu nichukue Porsche 911 GT3 ya mwaka 2010 kutoka yadi moja ya magari ya kifahari hapa Uingereza, na mkononi nimeshika ripoti ambayo, laiti ningeidai kabla ya kulipa, nisingelipa. Jina la yadi sitaliandika, kwa sababu shauri limekwisha kuwa la kisheria. Ninachotaka kukieleza ni namna nilivyopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, maana najua humu wamo ndugu wa Leicester, Reading, Dubai na Muscat wanaonunua magari ya aina hii, na kila mmoja wetu huanza na swali lilelile: limewahi kuingia uwanjani, yaani kwenye njia ya mbio za magari?

Swali hilo nilimuuliza muuzaji mara tatu, kwa simu, ana kwa ana, na mara ya mwisho kwa WhatsApp, makusudi ili jibu libaki kwenye maandishi. Jibu halikubadilika. Aliniambia kwamba mmiliki wa mwisho alikuwa mzee mtulivu aliyelitoa Jumapili asubuhi jua likiwaka, na kwamba tangu alinunue, miaka mitatu iliyopita, halijakanyaga njia ya mbio hata siku moja. Maili zilikuwa 31,000, daftari la sevisi lilikuwa na mihuri yote, na rangi iling'aa. Sasa ndipo naelewa kwa nini boneti na bampa la mbele vilikuwa vinang'aa kuliko milango.

Kwa asiyelifahamu jambo hili, kompyuta ya injini ya gari hili huhesabu kila cheche ya plagi injini inapozungushwa kupita kiasi. Hesabu hiyo hugawanywa katika ngazi sita, na kila ngazi huonyesha ni katika saa ya ngapi ya maisha ya injini tukio la mwisho lilitokea. Ngazi za chini hazinitishi. Dereva anayekanyaga mafuta hadi mwisho wa gia anaweza kuzigusa, kisha kizuizi cha mizunguko, kinachokata mafuta injini ikizidi kasi, kikafanya kazi yake, na injini hii, ambayo mstari wake mwekundu, yaani kikomo chake cha kasi, uko kwenye mizunguko 8,500 kwa dakika, ilijengwa kustahimili hayo. Ngazi za juu kabisa hazifikiwi kwa kukanyaga mafuta. Hufikiwa pale dereva aliye katika gia ya tano anapofunga breki kwa nguvu akitaka ya nne, mkono ukaangukia ya pili, na klachi ikaachiwa. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kizuizi hakina la kufanya, kwa kuwa kukata mafuta hakuzuii uzito wa gari lote kuisukuma injini kutoka nyuma.

Ripoti yangu inaonyesha cheche 212 katika ngazi ya tano na 37 katika ngazi ya sita. Injini ya silinda sita hutoa cheche tatu kwa kila mzunguko, kwa hiyo zile 37 ni kama mizunguko kumi na miwili tu, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Muuzaji ameling'ang'ania hilo kana kwamba linamwokoa. Lakini mizunguko kumi na miwili inatosha kwa springi kushindwa kuirudisha valvu kwa wakati, valvu ikagusana na pistoni, na bolti za konrodi, zile fimbo zinazoziunganisha pistoni na krankshafti, zikavutika kwa kiasi ambacho hakuna jicho litakaloliona mpaka siku injini ifunguliwe. Fundi aliyepima uvujaji wa silinda kwa hewa amekuta silinda ya nne inapoteza hewa zaidi ya wenzake.

Kilichonikasirisha zaidi ni saa. Tukio la mwisho lilikuwa katika saa ya 611, na gari lilipofika kwangu injini ilikuwa na saa 640. Gawanya maili 31,000 kwa saa 640, utapata wastani wa maili 48 kwa saa moja. Saa 29 ni takriban maili 1,400. Mzee wetu wa Jumapili aliongeza maili 4,000 katika miaka yake mitatu. Basi hakuna mmiliki wa zamani wa kusingiziwa hapa, kosa lile la gia lilitendeka mikononi mwake.

Nikarudi kwenye kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka, zile za MOT, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuingiza namba ya gari. Nilizisoma kabla ya kununua, nakiri, lakini nilitazama maili tu. Ningesoma maelezo ya mkaguzi ningeona kwamba miaka miwili mfululizo aliandika kuwa matairi ya mbele yameliwa ukingoni, na baina ya ukaguzi na ukaguzi gari lilikuwa limetembea maili 1,300 hivi. Matembezi ya Jumapili hayali tairi ukingoni kwa maili 1,300. Rafiki yangu mmoja akamalizia kazi: wapiga picha wa siku za uwanjani, zile ambazo watu huendesha magari yao binafsi kwenye njia ya mbio, huziweka picha zao mtandaoni kwa tarehe ili madereva wazinunue, na baada ya jioni mbili za kutafuta alilipata gari langu likiishuka kona ya Paddock Hill kwenye uwanja wa mbio wa Brands Hatch, namba haijafunikwa hata kwa utepe.

Halafu ile boneti. Kipimo cha unene wa rangi kinaonyesha kuwa sehemu ya mbele yote imepakwa upya. Labda ni kokoto tu, labda ni ukuta wa matairi. Sina njia ya kujua, na hapa ndipo penye shimo ambalo wengi hatulioni. Bima za kawaida za barabarani haziingii uwanjani. Mtu akigonga huko, hulipa matengenezo kutoka mfukoni, kampuni ya bima haisikii chochote, na gari haliwekwi katika kundi la S wala la N la magari yaliyowahi kuhesabiwa hasara na kampuni za bima. Ukilipia ukaguzi wa historia ya gari, karatasi inarudi safi kabisa. Mimi nililipia, na ikarudi safi.

Sasa niseme ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Sina kinyongo na uwanja. Gari hili lilizaliwa kwa ajili yake: injini yake ni ya ukoo wa Hans Mezger, mhandisi wa Porsche, ukoo uleule ulioibeba 911 GT1, gari la mbio, hadi ushindi wa mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1998. Ningeambiwa ukweli, ningelinunua kwa bei inayolingana na ukweli huo, na ningejua pa kuanzia. Ningetazama viungio vya bomba za maji ya kupoza, vilivyoshikizwa kwa gundi na ambavyo huachia kwa joto kali, nikavichomelea. Ningekagua nyufa kwenye matundu ya diski za breki, na ningevikagua vitovu vya magurudumu na ile nati moja ya katikati inayoshika kila gurudumu. Gari la uwanjani lenye risiti za mafuta ya injini, maji ya breki na mpangilio wa magurudumu mara nyingi ni zima kuliko lililolala gerejini miaka kumi huku mipira yake ikikauka.

Lakini sisi wanunuzi nasi tumeulea uongo huu. Muuzaji akitamka tu kwamba amewahi kwenda uwanja wa Silverstone mara nne, tunamkata maelfu ya pauni papo hapo bila hata kufungua faili lake, kisha tunamkimbilia jirani yake anayeapa kwamba hajawahi. Msema kweli analipa faini, mwongo anapewa bei kamili. Wakati huohuo soko hilihili, mwezi Agosti 2018 kwenye mnada kule Monterey, Marekani, liliuza Ferrari 250 GTO kwa zaidi ya dola milioni 48, gari lililoshindanishwa sana mwaka 1962, na mashindano yale yalikuwa sehemu ya thamani yake kwa sababu yaliandikwa moja baada ya jingine. Nyumbani nako, gari lililowahi kumaliza Safari Rally mwenyewe hulitangaza kwa fahari, halifichi. Kwa nini basi siku nne za uwanjani zilizoandikwa vizuri zihesabiwe kuwa aibu?

Kuhusu sheria, nimekwisha kuikosa nafasi ya kwanza. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kudai fedha zake zote. Baada ya hapo, ndani ya miezi sita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kurekebisha kabla mnunuzi hajadai kupunguziwa bei au kulirudisha, na kwa magari hukatwa kiasi kwa matumizi. Jibu la yadi ni kwamba hakuna kilichovunjika, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha. Mimi nasimama kwenye hoja nyingine ya sheria hiyohiyo, kwamba bidhaa lazima ilingane na maelezo yaliyotolewa, na maelezo yao ninayo kwenye simu yangu, yakiwa na tarehe na saa. Barua ya madai nimeituma jana, nikawapa siku 14.

Aliyewahi kushinda au kushindwa shauri la namna hii hapa Uingereza naomba anijibu, hasa anieleze kama mahakama iliipokea ripoti ya kompyuta ya injini peke yake au ilidai mhandisi wa kujitegemea. Na aliye njiani kuweka amana leo au kesho kwa gari la gia za mkono, adai ripoti nzima yenye ngazi zote sita na saa zake, itolewe mbele yake, asikubali picha ya ukurasa wa kwanza. Mimi nilitumiwa picha hiyo. Ilikuwa na ngazi tatu za mwanzo tu, nami nikashukuru.