Tupeane uzoefu: wazee wetu waliotoka jeshini wakahamia baharini

Wakuu habari za jumapili, leo tuwakumbuke wale wanajeshi wastaafu ambao pwani ndo ilikuwa kila kitu kwao. Naanza na wangu. Baba mdogo alikuwa JWTZ upande wa mizinga, vita ya Kagera alifika mpaka Kampala ile Aprili 1979, alivyostaafu wote tukajua atafungua duka kama wenzake, kumbe kiinua mgongo chote kikaishia kwenye ngalawa na nyavu pale Kilwa Kivinje. Habari za vita humtoi neno. Ila alichokuwa hataki hata kukisikia ni uvuvi wa baruti. Tupo zetu barazani ukilia mlio kule mwambani anasimama, kahawa anaiacha, sisi tunasema radi hiyo mzee, radi gani wakati yeye maroketi ya saba saba amelala nayo. Basi anawasubiri vijana ufukweni, samaki wa baruti anamjua kwa kumbonyeza tu, nyama imelegea, ukimpasua damu imevilia mgongoni. Hanunui, na mama mdogo akinunua ni kesi. Alikuwa anawaambia matumbawe mnayovunja leo hata wajukuu zenu hawatayaona yamerudi. Wengine walimuona mnoko lakini wapo walioacha kweli.

Mpwani wa Kilifi:
Pole sana ndugu. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza (KAR), wakapakiwa meli Mombasa kwenda kupigana Burma. Kilichomkaa rohoni si Mjapani wa msituni, ni ile meli ya Khedive Ismail iliyotoka hapa hapa Mombasa ikazamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives, 12 Februari 1944, watu zaidi ya 1,200 wakafa na wengi askari wa kwetu, yeye alikuwa na marafiki mle. Aliporudi watu walidhani majini hataingia tena, wapi, dema zake, ile mitego ya samaki, na mtumbwi mpaka macho yalipokataa. Tukimuuliza huogopi? Anasema waliowaua ni Wajapani, bahari haijanikosea kitu.

Afande Mtoto:
😂 wa kwangu saa kumi alfajiri anawapanga mabaharia mstari mchangani anahesabu namba, ukichelewa dakika mbili umebaki nchi kavu na mgao huna. Siku za maji mafu, bahari haijai wala kupwa sana, hawaendi, basi ni kushona nyavu na kupiga kiwi viatu vya jeshi ambavyo havendi popote.

Binti Tanga:
Mungu awarehemu wote. Marehemu baba alikuwa wanamaji, Kigamboni, maisha yote kwenye meli ila mshipi hajawahi kushika! Kastaafu karudi Tanga, akawa anafundishwa kuvua na vitoto vya Sahare, anavibebea andazi ili vimwonyeshe kufunga ndoana. Baadaye aliiva, kolekole wa maana tulimla, lakini ule mwanzo mama alikuwa akimuona anatoka na kapu anainjika maharage kabisa.