Mahindi: mifuko ya kuzuia hewa, dawa ya unga au hii ya mionzi?

NjiaPandaHimo: Habari wakuu. Nimevuna mahindi nataka niyaweke mpaka bei ipande. Ninunue ile mifuko ya kuzuia hewa au nichanganye dawa ya unga kama kila mwaka? Halafu jamaa wa Arusha kaniambia siku hizi wadudu wanapigwa mionzi na wanaisha kabisa. Jumamosi naenda mjini nikanunue.

MangiWaMarangu: Gunia ngapi? Yamekauka? Wadudu washaingia au bado? Umetupa swali umekimbia.

MamaStoo_Ngaramtoni: Dawa ya unga tu. Napukuchua, nachanganya, nalala usingizi.

SanyaJuu77: Mifuko ni mizuri ila nisikilizeni. Mwaka juzi niliweka gunia 14, nikafunga mmoja mmoja kwa mkono wangu, wadudu wakikosa hewa wanakufa wenyewe, hilo kweli. Nilichosahau ni tundu chini ya mlango. Panya wakaingia wakatoboa pembeni kwenye ile mifuko ya chini, tundu la kupita kidole tu, hewa ikapita, dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi (skania wazee wanamwita), akafanya sherehe. Nafungua mwezi wa pili, unga. Mke wangu akasema angalau hela ya mashine tumeokoa.

MangiWaMarangu: 😂😂 Sasa hapo mfuko una kosa gani? Fuga paka.

Fundi_Njiro: Mionzi ipo kweli. Ni miale ya gama, mara nyingi ya kobalti 60, metali inayotoa mionzi, nafaka inapitishwa mbele yake, mdudu asipokufa anakuwa hazai. Chakula hakibaki na mionzi. Ila haiachi kinga, ukirudisha gunia kwenye stoo chafu dumuzi mpya anaingia kama kawaida, kwa hiyo mfuko utanunua tu. Na ule mtambo unakaa ndani ya kuta nene za zege, siyo kitu cha kupeleka gunia zako na kirikuu.

MamaStoo_Ngaramtoni: Mimi chakula kilichopigwa mionzi sili.

Fundi_Njiro: Mama, ukipigwa eksirei unatoka unawaka?

TangaMwambao: Mbona Unguja walimaliza mbung'o kwa mionzi? Madume yalifugwa kwetu Tanga, yakapigwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege, 1996 akakamatwa wa mwisho.

Fundi_Njiro: Hiyo nyingine kaka. Pale unamwaga madume tasa porini majike yasizae. Nani amwage dumuzi stoo kwake?

MangiWaMarangu: Mwenye mada yuko wapi? Pima ukavu kwanza, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, chumvi ikiganda kwenye chupa rudisha juani. Mabichi ukiyafunga kwenye mfuko yanaoza.

NjiaPandaHimo: Samahani nilikuwa shamba. Ni gunia 22, na maharage 4. Wadudu washaingia kidogo kwenye yale ya mwanzo.

MangiWaMarangu: Washaingia!! Na maharage hukusema!

SanyaJuu77: Maharage mdudu wake mwingine kabisa. Ni aina gani ya maharage, soya njano au lyamungo? Kama ni soya usihifadhi, nichekie inbox.