Naomba ushauri: nyumba yenye vyumba vya uani Segerea, ninunue?

Habari zenu wakubwa. Nimepata nyumba Segerea, Dar es Salaam. Mbele ina vyumba vitatu, uani kuna banda la vyumba viwili lenye choo chake, ila geti ni moja. Nia yangu nikae mbele na familia, uani nipangishe, kodi ya miezi sita sita inisaidie ada za watoto.

Kinachoninyima usingizi ni karatasi. Muuzaji ana leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kumiliki kiwanja, si hati miliki, na leseni ina muda wake. Mkewe sijamwona hata mara moja, wakati Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza nyumba ya familia inapouzwa. Nikimuulizia, dalali ananijibu, "Usijali kaka, mjumbe anatufahamu." Hapo moyo unasita.

Halafu Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja, na kodi ya jengo inakatwa humo humo. Mliopangisha uani, mlivuta mita ya pili au mnachangia? Shimo la choo nalo ni moja kwa nyumba zote mbili, masika sijui itakuwaje.

Akiba hii nimeikusanya miaka tisa. Naombeni mnieleze ukweli, hata kama ni wa kunikatisha tamaa.