Kozi ya IPC (kinga na udhibiti wa maambukizi): ipi inamfaa muuguzi wa Kigoma, na utafiti nianzie wapi?

Mkunga_wa_Ujiji aliandika:

Salaam wadau. Mimi ni muuguzi wa stashahada, mwaka wa 9 kazini, hospitali moja ya wilaya huku Kigoma. Mwezi wa tatu niliitwa ofisini nikakabidhiwa barua ya mistari minne: kuanzia leo wewe ndiye mratibu wa IPC. Basi. Mafunzo hakuna, meza hakuna. Aliyenitangulia kahamia Dodoma na ufunguo wa kabati kaondoka nao.

Elimu yangu ya kinga na udhibiti wa maambukizi ni semina moja ya siku 3, zile za soda na posho. Sasa mganga mfawidhi kaniambia kuna kifungu kidogo cha mafunzo mwaka huu wa fedha, nilete pendekezo moja kabla mwezi haujaisha. Nimesikia kuna kozi za bure za WHO mtandaoni, kuna stashahada ya IPC Afrika Kusini, kuna cheti cha Wamarekani kinaitwa CIC, na kuna rafiki anasema niachane na zote niombe FELTP, yale mafunzo ya kufuatilia magonjwa na milipuko. Nani kapita njia hizi?

Na kuna jambo linaninyima usingizi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anatoka wodini siku ya tatu, kidonda kikavu kabisa. Wiki mbili baadaye namkuta OPD (wagonjwa wa nje) kidonda kimefumuka na usaha unatoka. Nataka niwahesabu vizuri, ikiwezekana niandike kitu kichapishwe. Mtu asiye na digrii anaruhusiwa?

Mwana_Unyanyembe alijibu:

Mwangaluka! Tabora hapa. Nianze na ya Afrika Kusini kwa sababu wengi wanaingia mkenge hapo. Ile ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch ni stashahada ya UZAMILI. Hilo neno la pili usiliruke. Ni ya mtu aliyekwisha pata shahada ya kwanza. Kozi nzuri, na jina lake linajulikana bara zima, lakini kwa stashahada yako ya uuguzi mlango hujaufikia. Malizia kwanza digrii, ndipo uiwaze. Nilikuwa na mwenzangu aliyelipia kutafsiriwa na kuhakikiwa vyeti vyote, akajaza fomu, ndipo akasoma sifa za mwombaji. Alikuwa mpole wiki nzima.

CIC ni mtihani, kozi hakuna. Unajisomea mwenyewe, unakaa mbele ya kompyuta saa 3, maswali 150 kwa Kiingereza, unalipa kwa dola, na kila miaka 5 unahuisha. Wanataka uwe tayari unaifanya kazi yenyewe. Kwa wanaoanza wana mtihani mdogo unaitwa a-IPC, hauna sharti la uzoefu. Ukiwa na ndoto ya Ghuba au mashirika ya kimataifa, cheti hicho kina uzito. Kwa hospitali ya wilaya Kigoma, sijui utamwonyesha nani.

Jiki1_Maji6 alijibu:

Cheti, cheti, cheti. Ngoja niwasimulie. Mahali nilipokuwa, sitapataja, ukuta wa ofisi ulikuwa na vyeti sita vya semina vilivyowekewa fremu. Siku moja nikaingia wodi ya wazazi nikamuuliza mhudumu anachanganyaje klorini ya 0.5%. Akanionyesha: kifuniko cha Jiki kwenye ndoo ya lita 10. Nikauliza kwa nini kifuniko. "Ndivyo tulivyokuta."

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Jiki ni klorini ya 3.5%. Unagawa kwa 0.5 unapata 7, unatoa 1, inabaki 6. Sehemu moja ya Jiki, sehemu sita za maji. Kikombe kimoja, vikombe sita. Ukitaka 0.05% ni moja kwa 69. Na chupa ikikaa dirishani inapigwa jua, hiyo 3.5% iliyoandikwa nje imebaki kuwa mapambo. Vyeti sita ukutani, na hakuna aliyemfundisha mtu mmoja anayeshika ndoo.

Kwa hiyo dada, anza na zile za bure za WHO mtandaoni. Usafi wa mikono, usafishaji wa vifaa, taka, tahadhari za kawaida, zote zipo, unasoma kwa mwendo wako na unapewa cheti. Kifungu cha mganga mfawidhi kitumie kwenda kujifunza kwa vitendo wiki mbili kwenye hospitali ya kanda yenye kitengo cha utakasaji wa vifaa kinachofanya kazi. Shika otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu kwenye vifaa, kwa mkono. Uone mtu anavyopanga seti ya vifaa vya upasuaji.

Mkunga_wa_Ujiji alijibu:

@Jiki1_Maji6 umenichekesha na kuniumiza. Sisi kifuniko ni kimoja na nusu. Swali dogo: vifaa vya leba bado tunavilowesha kwenye klorini dakika 10 kabla ya kuosha, ndivyo semina ilivyosema. Kozi ya mtandaoni inasema tofauti. Nimwamini nani?

Jiki1_Maji6 alijibu:

Semina yako ilifundisha ya zamani. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 wa utakasaji wa vifaa unasema usiloweshe kwenye dawa kabla ya kuosha. Klorini inakula chuma, damu inagandia, na mtu anajipa moyo kwamba kifaa kimeshakuwa salama anakishika hovyo. Kifute, kiwekee unyevu kisikauke, peleka kuoshwa kwa sabuni na brashi ukiwa na glovu nzito na kinga ya macho, halafu otoklevu. Ila usirudi kesho ukamwaga ndoo zote peke yako. Kaa na kamati na metroni kwanza, usije ukaonekana mjuaji wa intaneti.

Hasemi_Sana alijibu:

Zote hizo sawa, lakini muundo wa utumishi hautambui cheo cha mratibu wa IPC. Utasoma, utapata vyeti, mshahara uleule, zamu zilezile za usiku. Mimi nilikuwa mratibu miaka 4. Ningesoma ukunga au ganzi mapema ningekuwa mbali. Samahani kwa kukatisha tamaa.

Mwana_Unyanyembe alijibu:

@Hasemi_Sana hujakosea, ndiyo maana nasema digrii kwanza. Hiyo inatambulika kwenye muundo na inafungua ule mlango mwingine. Pia kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga: leseni haihuishwi bila pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma). Kabla hujamaliza bando kwenye kozi yoyote, uliza kama itahesabiwa.

Maabara_Kasulu alijibu:

Nimepitia FELTP ngazi ya kwanza, ile ya miezi 3. Unaingia darasani kwa vipindi, katikati unarudi kituoni kwako na kazi ya kufanya: kuchunguza ubora wa takwimu, kuandika ripoti, kufuatilia mlipuko. Haikufundishi kupanga seti ya upasuaji. Inakufundisha kuhesabu, na kuuliza "kati ya wangapi?"

Kwa mkoa wetu msiidharau. Mei 2015 kipindupindu kilipowalipukia wakimbizi wa Burundi pale kijijini Kagunga, barabara ya maana hakuna, watu wakaletwa mjini kwa meli ya MV Liemba. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ukatokea Kagera kwa jirani zetu. Kigoma tuna mpaka na Burundi, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko hapahapa Kasulu. Mratibu wa IPC asiyejua kusoma mlipuko atabaki kugawa barakoa.

Ila kwa tatizo la vidonda, hauhitaji kusubiri nafasi ya FELTP. Anza Jumatatu.

Fundi_Takwimu alijibu:

Hapo sasa. Digrii haihitajiki kuhesabu. Ufafanuzi wa kawaida wa maambukizi ya kidonda cha upasuaji unafuatilia siku 30 tangu siku ya upasuaji (vikiwekwa vipandikizi ni zaidi). Wewe unawaruhusu siku ya tatu, kwa hiyo ukihesabu wodini tu utapata sifuri na utasifiwa bure.

Daftari moja. Kila mama aliyefanyiwa upasuaji, kutoka kwenye daftari la thieta, awe na mstari: tarehe, dharura au wa kupangwa, chupa ya uzazi ilipasuka saa ngapi kabla, antibaiotiki alipewa kabla ya kukatwa au baada, nani alipasua (kwa namba, siyo jina, utanishukuru). Halafu nafasi tatu za kumtazama: siku ya kutoka, siku ya 7 akija na mtoto kliniki, na simu siku ya 30. Kliniki ya mtoto ndiyo rafiki yako. Mama anaweza asirudi kwa ajili ya kidonda chake, lakini mtoto atamleta.

Ukiwa na upasuaji 40 kwa mwezi na vidonda 4 ni 10%. Kidonda kimoja kikiongezeka unaruka hadi 12.5%. Usikimbilie kuchora grafu ya mwezi mmoja ukamtisha daktari. Subiri miezi 6. Kuingiza data tumia KoboToolbox kwenye simu, ni bure. Uchambuzi Epi Info inakutosha, nayo bure.

Ukipata namba, mrudishie anayepasua. Marekani miaka ya 1970 walifanya utafiti mkubwa unaitwa SENIC. Hospitali zenye programu kamili zilipunguza maambukizi kwa 32%, na sehemu ya programu hiyo ilikuwa kumwambia daktari wa upasuaji takwimu zake mwenyewe. Ule uwiano wa mtu mmoja wa IPC kwa vitanda 250 nao asili yake ni hapo. Uandike kwenye karatasi, mpelekee mganga mfawidhi pamoja na ombi la meza.

Maabara_Kasulu alijibu:

Naongezea la kibali, maana hapa watu wanaumia. Kuhesabu kwa ajili ya kuboresha huduma ya hospitali yako ni kazi yako ya kila siku. Siku unapotaka kuchapisha, ni utafiti: andika pendekezo, pitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) upate kibali cha maadili, na kibali cha mkoa, KABLA ya kukusanya data. Ukienda baadaye utaambiwa rudi nyumbani. NIMR wana kituo Tabora, siyo lazima upande gari hadi Dar kuuliza maswali.

Makala za kusoma: zilizo wazi zipo PubMed Central. Zilizofungwa, kuna Hinari ya WHO, ipo tangu 2002, nchi kama yetu inapata bure au kwa bei ya chini. Inasajiliwa na taasisi, mtu binafsi hapana, kwa hiyo uliza chuo cha uuguzi kilicho karibu nawe. Mara nyingi wana nywila na hakuna anayeitumia.

Hasemi_Sana alijibu:

Haya, hiyo ya kumtazama mama kupitia kliniki ya mtoto sikuwahi kuifikiria miaka yote minne. Mganga mfawidhi wako akikubali nitakutumia fomu yangu ya zamani ya usafi wa mikono. Imechakaa lakini ina safu zote.

Mkunga_wa_Ujiji alijibu:

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimeandika pendekezo: kozi za WHO kwa bando langu, kifungu cha hospitali kiende kwenye zile wiki mbili za utakasaji, na nimeomba barua ya kuniwekea jina FELTP awamu ijayo. Digrii nitaitafuta kwa pesa yangu. CIC nimeiacha.

Metroni kanipa kaunta buku mpya, nimepiga mistari kwa rula. Mama wa kwanza nimemwandika leo saa 8 mchana. Hana simu. Namba aliyotoa ni ya shemeji yake, mvuvi wa dagaa Kibirizi, usiku yuko ziwani, mchana amelala. @Fundi_Takwimu nimwandike ana simu au hana?

Fundi_Takwimu alijibu:

Weka safu mbili: simu yake, simu ya mtu mwingine. Na tazama siku ya 30 inaangukia wapi. Ikiangukia mbalamwezi hawaendi ziwani, mpigie hapo.