Mjadala: Kaburi la Mfalme Nintoku lifunguliwe au liachwe?

Wadau, naleta hoja. Mjini Sakai, jirani na Osaka, kuna kaburi la kale lenye umbo la tundu la ufunguo. Urefu wake ni mita 486, msitu umelifunika na mahandaki matatu ya maji yamelizunguka. Idara inayosimamia mambo ya kasri la Japani inasema aliyezikwa humo ni Nintoku, mfalme wa 16. Wanaakiolojia wameomba kwa miaka mingi waingie wachunguze, na Idara haijakubali: hilo ni kaburi la babu wa ukoo unaotawala, na ibada zinafanyika hapo hadi leo. Msimamo wangu ni kwamba lifunguliwe, kwa adabu na kwa kiasi.

Nintoku ndiye mfalme anayesifiwa kwa huruma kuliko wote wa kale. Nihon Shoki, kitabu kilichokamilika mwaka 720, kinasimulia kwamba alipanda mahali pa juu akatazama nchi, asione moshi wowote ukifuka mekoni. Akajua watu hawana cha kupika. Akawasamehe kodi na kazi za lazima miaka mitatu. Mapaa ya kasri yakavuja, mvua ikawa inakingwa kwa vyombo, naye akakataa yasiezekwe upya. Alipopanda tena, moshi ulikuwa umetanda kila upande.

Sasa tazameni kaburi lenyewe. Mwaka 1985 kampuni ya ujenzi ya Obayashi ilikadiria kwamba kulijenga kwa zana za enzi zile kungechukua miaka 15 na miezi 8, kukiwa na watu hadi 2,000 kwa siku. Je, aliyevumilia paa livuje ili raia wapumzike ndiye aliyebebesha watu udongo wote ule? Labda simulizi limetiwa chumvi, labda kaburi si lake. Kwa vyovyote, tarehe hazikubaliani. Kitabu kinampa utawala wa mwaka 313 hadi 399, ilhali wachunguzi wengi wanaliweka kaburi katikati ya karne ya 5. Halafu kuna kaburi la jirani, linalotajwa kuwa la mwanawe Richu, ambalo kwa ushahidi wa vyombo vya udongo ni la zamani kuliko la baba yake!

Wanaopinga wana hoja nzito, siidharau. Kaburi halichezewi, na ukoo una haki juu ya wafu wake. Lakini hakuna anayedai mifupa ipelekwe makumbusho. Mwaka 1872 ubavu wa sehemu ya mbele uliporomoka, likaonekana jeneza la mawe pamoja na deraya na kofia ya vita. Vikachorwa, vikafukiwa tena. Mwaka 2018 Idara yenyewe ilichimba kidogo kwenye tuta la nje ikishirikiana na mji wa Sakai, na heshima ya mahali haikupungua. Leo kuna njia ya kupima kwa miyuoni, yaani chembe ndogo mno zinazotoka angani na kupenya mawe, bila kugusa jiwe, ile iliyoonyesha uwazi ndani ya piramidi ya Khufu mwaka 2017. Waanzie hapo basi.

Kinachoniuma zaidi ni kisa cha Mfalme Keitai, aliyefariki mwaka 531. Kaburi lake rasmi liko Ibaraki, na wataalamu wengi wanakubali kwamba lilijengwa katikati ya karne ya 5. Kule Takatsuki, mji wa jirani, kuna kaburi la Imashirozuka ambalo halimo kwenye orodha ya Idara, ndiyo maana likachimbwa. Zikatoka sanamu za udongo za nyumba, farasi, wapiganaji na makuhani wa kike zilizopangwa safu kwa safu, na umri wake unalingana na wa Keitai. Leo watu wanatembea juu yake kama bustani.

Kwa hiyo nyinyi mnaotaka yote yabaki yamefungwa kwa ajili ya heshima, nijibuni hili: ile ibada inayofanywa Ibaraki, anafanyiwa nani?