Msaada: kuchomea SMD kwa mkono, miguu ya IC inashikana na kipimo cha joto kinaruka

MamaVifaranga, Morogoro

Habari zenu wakuu. Natengeneza vidhibiti joto vya mashine za kutotolesha vifaranga. Zamani nilitumia bodi za matundu na vifaa vya miguu mirefu, kazi ilikwenda bila shida. Safari hii nimechora bodi mwenyewe kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi, nikaagiza China. Imekuja nzuri mno, ila kila kitu juu yake ni SMD, vile vifaa vidogo vinavyolehemiwa juu ya bodi bila matundu: IC (chipu) ya ATmega328P ya miguu 32, rezista na kapasita za saizi ya 0603, regulata ya AMS1117. Kihisi cha joto ni NTC ya kiloomu 10.

Chuma changu cha kulehemia ni cha wati 60, kile cha kuzungusha joto kwenye mpini. Nimekifunga ncha nyembamba kabisa kwa sababu vifaa vyenyewe ni vidogo. Risasi ya kulehemia ni ya milimita 1, na flaksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike, ni grisi ya mkebe ya duka la vifaa vya ujenzi.

Rezista nikiigusa tu inapanda na ncha. Miguu ya IC inaungana minne minne, na nikijaribu kuitenganisha ndiyo inazidi. Bodi moja inawaka, lakini joto linasomeka mara 37.6, mara 41, na nikiiweka karibu na maji ya mashine linapanda zaidi, wakati kipimajoto cha kioo hakijasogea. Pedi moja imeshabanduka. Je, ni lazima ninunue blowa ya upepo wa moto?

KijanaWaBlowa

Dada nunua blowa uachane na mateso. Mimi ni fundi simu, IC zote natoa na kurudisha kwa blowa, kwisha habari.

FundiRedio, Tanga

Kijana hajakosea, ila blowa faida yake kubwa ni kung'olea. Bodi mpya isiyo na kitu juu yake haihitaji upepo, na ukiwa mgeni upepo huohuo utakupeperushia rezista hadi chini ya kabati. Mimi nina miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kazi, na 0603 naziweka kwa chuma.

Mwanangu, anza na ile grisi. Hiyo ni ya mafundi bati na mabomba, ina kloridi ya zinki ndani. Inasafisha bati vizuri, lakini ikibaki kwenye bodi inavuta unyevu, inapitisha umeme na kula shaba. Naona ndiyo inayokuchezea joto. NTC ikipata njia ya pembeni ya umeme, ukinzani unaonekana umeshuka, na ukinzani wa NTC ukishuka programu yako inasoma kwamba joto limepanda. Ndiyo maana karibu na maji mambo yanaharibika zaidi. Kabla ya kulaumu programu, sugua bodi kwa mswaki na maji ya moto yenye sabuni, suuza, kisha pitisha alkoholi ya isopropili, uianike mpaka ikauke kabisa. Skrini itoe kwanza. Halafu tafuta flaksi ya rosini au ile ya jeli ya mafundi simu, inauzwa kwenye bomba la sindano. Usiihurumie, ipake hadi ng'ambo ya miguu.

La pili ni ncha. Watu wengi wanadhani kitu kidogo kinataka ncha ndogo, na maduka yanawaachia wadhani hivyo. Ncha nyembamba haina pa kubebea joto. Ukiigusisha kwenye pedi inapoa, risasi haiyeyuki sawasawa, unakandamiza, unasugua, na hapo ndipo pedi inapobanduka. Chuma cha aina yako mara nyingi kinapokea ncha za 900M, hebu itazame kama imeandikwa hivyo. Kama ndivyo, chukua 2.4D, ile bapa, au K yenye umbo la kisu. Risasi nunua ya milimita 0.5, 63/37, yaani bati 63 na madini ya risasi 37 kwa mia. Hiyo inayeyuka kwenye digrii 183 na inaganda papo hapo bila kupitia uji, kwa hiyo kifaa hakipati nafasi ya kuhama. Joto weka 320 hadi 340. Namba za kwenye mpini usiziamini sana, angalia moshi wa rosini. Ukipanda taratibu uko sawa. Flaksi ikichemka kwa kishindo na kuwa nyeusi, punguza.

Sasa rezista. Yeyusha risasi kidogo kwenye pedi moja tu. Shika rezista kwa kibano mkono wa pili, yeyusha tena ile risasi, isukume rezista kutoka pembeni ikiwa imelala bapa juu ya bodi. Toa chuma kwanza, hesabu moja mbili, ndipo uachie kibano. Ukiachia mapema itasimama wima au kuondoka na ncha, hayo hasa unayolalamikia. Kisha chomea upande wa pili, urudi upande wa kwanza na flaksi kidogo ili ung'ae. Kapasita hazina maandishi, kwa hiyo usifungue aina mbili kwa wakati mmoja. Na kapasita hizo ni za kauri, ukizikandamiza kwa ncha zinapata ufa usiouona.

Kwa IC, hakikisha kidoti cha mguu wa kwanza kiko mahali pake. Panga pande zote nne, tumia hata kamera ya simu kukuza. Gandisha mguu mmoja wa kona, tazama tena, ndipo ugandishe kona inayotazamana nao. Paka flaksi mstari mzima, ncha ibebe risasi kidogo, iburute polepole juu ya vidole vya miguu kuelekea nje. Yenyewe itagawanyika, kwa sababu risasi inapenda shaba na haikai juu ya rangi ya kijani ya bodi. Ikiungana, usiongeze risasi. Ongeza flaksi, futa ncha, pita tena. Ikikataa, weka utambi wa shaba wa kunyonyea risasi juu yake na ncha juu ya utambi, uvinyanyue vyote pamoja kabla havijaganda.

Feni ya dari izime. Hapa Tanga ni adhabu, najua, lakini inapoza kazi. Dirisha liwe wazi, moshi wa rosini hauko rafiki na kifua. Na nawa mikono kabla ya kushika andazi, hiyo ni risasi kweli.

Saketi_Nairobi

Mzee ameongea, ila hiyo 320 ni ya risasi yenye madini ya risasi. Mimi natumia ile isiyo nayo, inaanza kuyeyuka kwenye 217, na kwa chuma changu nafanya kazi kwenye 360. Nikishuka hapo viungo vinakuwa vya kubahatisha, hasa kwenye pedi zilizoungana na shaba kubwa ya graundi.

Dada, kwa bodi ijayo, KiCad ina alama za pedi zenye neno HandSolder kwenye jina. Pedi zake ni ndefu kidogo, ncha inapata pa kukaa. Na kwa nini ujitese na 0603? Weka 0805, ni milimita 2 kwa 1.25, na bodi ya mashine ya mayai haina uhaba wa nafasi.

FundiRedio, Tanga

Sikatai. Mimi nilimpa joto la risasi niliyomwambia anunue. Akichanganya aina mbili kwenye kazi moja asije akatulaumu.

MamaVifaranga, Morogoro

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Bodi nimeiosha kwa mswaki, imekauka juani, na joto limetulia kwenye 37.6 hata nikiileta karibu na maji. Ncha ya K nimeagiza Kariakoo, inakuja na basi. Imebaki ile pedi iliyobanduka, ni ya rezista inayokwenda kwenye kihisi. Bodi nitupe?

FundiRedio, Tanga

Marahaba mwanangu. Usitupe. Fuata njia ya shaba iliyotoka kwenye hiyo pedi, kwangua rangi ya kijani kwa wembe kama milimita 2 tu, polepole, mpaka shaba ionekane. Ipake risasi. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini, ulehemu pale, kisha uulete hadi kwenye ncha ya rezista. Upande wa pili wa rezista uwe umeshagandishwa, rezista isije ikaning'inia kwenye uzi. Pima kwa mita kwenye mlio, kutoka ncha hiyo ya rezista mpaka mguu wa IC, halafu tia tone la gundi ya epoksi juu ya uzi. Na kabla hujawasha, pima pia kati ya volti 5 na graundi. Mita ikilia mfululizo, usichomeke.